Thomas More: Mtu Aliyekataa Kula Kiapo

Ukitembea kando ya Mto Thames upande wa Chelsea, jijini London, karibu na kanisa la kale la hapo utaona sanamu ya mtu aliyeketi. Uso wake una rangi ya dhahabu. Watu wengi hupita bila kumtazama mara ya pili. Mtu huyo ni Thomas More. Karibu miaka 500 iliyopita nyumba yake ilikuwa maeneo hayo hayo, na bustani yake ilishuka mpaka mtoni. Angeweza kuzeeka pale, akicheza na wajukuu zake na kusoma vitabu vyake. Alitakiwa kufanya jambo moja tu: kuapa kwa maneno machache, kama walivyoapa karibu watu wote wakubwa wa nchi. Alikataa. Kwa kukataa huko alipoteza nyumba, mali, uhuru, na mwisho uhai wake.

Maisha yake ninakusimulia wewe mtoto unayekuja kujifunza Kiswahili kila mwisho wa wiki, na wewe mzazi unayemsubiri nje. Kanisa Katoliki linamheshimu Thomas More kama mtakatifu, lakini huhitaji kuwa Mkatoliki ili umfuate katika habari hii. Swali lake ni letu sote: utafanyaje siku ambayo wakubwa, marafiki na hata watu wa nyumbani kwako wanakuambia ufanye jambo ambalo moyoni mwako unajua si sawa?

Mtoto wa Milk Street

Thomas alizaliwa London, katika mtaa wa Milk Street, mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria na baadaye jaji. Alipokuwa bado kijana mdogo alipelekwa kutumika katika nyumba ya Askofu Mkuu wa Canterbury, John Morton, ambaye pia alikuwa Kansela Mkuu wa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuhudumu mezani, na huku anahudumu alisikiliza mazungumzo ya wakubwa. Kisha akaenda Oxford kwa muda wa kama miaka miwili, akarudi London kusomea sheria.

Alipokuwa kijana alijiuliza sana kama awe mtawa. Kwa muda alisali karibu na watawa wa Shirika la Wakartusi walioishi kimya, kwa sala na kufunga. Mwishowe aliona kwamba wito wake ni kuwa mume na baba. Mwaka 1505 alimwoa Jane Colt, wakapata watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cicely na John. Jane alifariki mwaka 1511, na haukupita muda mrefu Thomas akamwoa mjane aliyeitwa Alice, ili watoto wasikose mama.

Hapa kuna jambo ambalo wasichana watapenda kulijua. Zama hizo wengi waliona ni kupoteza fedha kumsomesha msichana. Thomas aliwasomesha binti zake sawasawa na mwanawe wa kiume: Kilatini, Kigiriki, hesabu na elimu ya nyota. Margaret, mkubwa wao, alikuwa hodari mpaka akatafsiri kitabu cha Erasmus, mwanachuoni mashuhuri wa Uholanzi aliyekuwa rafiki wa baba yake. Nyumba ile ilijaa vitabu, muziki, wageni na wanyama, hata tumbili alikuwamo. Thomas mwenyewe alipenda mzaha. Lakini chini ya nguo zake nzuri alivaa kwa siri shati la manyoya makali ya mnyama lililomkwaruza ngozi, ili ajikumbushe kwamba yeye si mkubwa kiasi hicho.

Jozi ya glavu

Thomas alipanda ngazi haraka. Alikuwa mbunge, hakimu katika jiji la London, mwandishi wa kitabu maarufu kiitwacho Utopia kilichochapishwa mwaka 1516, Spika wa Bunge mwaka 1523, na mwezi Oktoba 1529 Mfalme Henry VIII akamfanya Kansela Mkuu. Kwa muda mrefu kabla yake cheo hicho kilikuwa kikishikwa na maaskofu. Kansela alikuwa jaji mkubwa. Watu walileta kesi zao mbele yake, na wengine walileta na zawadi.

Mkwewe, William Roper, aliyekuwa mume wa Margaret, aliandika maisha yake, na humo anasimulia habari ya mwanamke mmoja aliyeshinda kesi mbele ya Thomas. Mwaka mpya ulipofika, mama huyo alimletea jozi ya glavu, na ndani ya glavu ameweka paundi 40, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Thomas alizipokea glavu, akamshukuru, akasema si adabu kukataa zawadi ya mwaka mpya. Fedha alimrudishia.

Simama hapa kidogo, maana jambo hili ni dogo lakini lina somo zima ndani yake. Mafundisho ya Kikatoliki juu ya maadili husema kwamba ukitaka kujua kama tendo ni jema, tazama mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira. Kupokea zawadi si dhambi. Mama yule huenda hakuwa na nia mbaya, alitaka kushukuru tu, na kesi yake ilikuwa imekwisha. Lakini mazingira ni haya: mpokeaji ni jaji, na kesho watakuja wengine wenye kesi. Wangeona kwamba haki inanunuliwa. Thomas aliyapima yote kwa dakika moja. Hakumwaibisha mama wa watu, wala hakuichafua kazi yake. Uwezo huo wa kuona lililo jema na njia sahihi ya kulifikia huitwa busara. Wakatoliki huihesabu kuwa ya kwanza katika fadhila kuu nne, pamoja na haki, ujasiri na kiasi.

Kwa ndugu zake pia hakupindisha. Mkwewe mwingine, Giles Heron, alikuwa na kesi mbele yake na akategemea kubebwa kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Thomas aliamua kesi dhidi yake. Wazazi waliosoma Tanzania zamani wanaukumbuka usemi kwamba cheo ni dhamana. Thomas aliuishi.

Fadhila haiji siku moja. Mtu huifanya kama anavyofanya mazoezi ya mpira au ya kuandika: kidogo kidogo, kila siku, mpaka iwe tabia. Alipofika kwenye jaribu kubwa, Thomas alikuwa amekwisha kufanya mazoezi kwa miaka mingi katika mambo madogo kama glavu.

Mfalme na ndoa yake

Henry VIII alikuwa amemwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509. Katika watoto wao aliyeishi ni binti mmoja tu, Mary. Mfalme alitaka mrithi wa kiume, na tena alikuwa amempenda Anne Boleyn. Alimwomba Papa Clement VII aibatilishe ndoa yake na Catherine. Papa hakukubali. Ndipo Henry akaanza kulitenga Kanisa la Uingereza na Roma, ili yeye mwenyewe awe mkuu wake.

Thomas aliamini kwamba ndoa ile ni halali, na kwamba mfalme hawezi kuwa kichwa cha Kanisa. Lakini hakupanda jukwaani kupiga kelele. Mwezi Mei 1532, siku moja baada ya maaskofu kusalimu amri kwa mfalme, alirudisha muhuri wa ukansela akisema afya yake si nzuri, akaenda zake Chelsea. Mapato yake yakapungua ghafla. Alikusanya watu wa nyumbani akawaeleza kwamba sasa itabidi wabane matumizi. Roper anasimulia kwamba maaskofu walimchangia kiasi cha paundi 4,000 au 5,000 kwa ajili ya vitabu alivyoandika kuitetea dini. Hakuchukua hata senti.

Alitarajia kwamba akinyamaza ataachwa. Haikuwa hivyo.

Kiapo

Mwaka 1534 Bunge lilipitisha sheria ya urithi wa ufalme. Kila aliyeitwa alipaswa kuapa kwamba watoto wa Henry na Anne ndio warithi. Thomas alikuwa tayari kuapa juu ya urithi, kwa sababu alikubali kwamba Bunge lina uwezo wa kuamua nani atakuwa mfalme. Lakini kiapo chenyewe kilitaka zaidi: akubali kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa batili na aikatae mamlaka ya Papa. Hilo hakuliweza.

Angalia lugha yetu inavyosema. Kwa Kiswahili mtu hula kiapo. Kiapo kinaingia ndani yako kama chakula, kinakuwa sehemu ya mwili wako. Rushwa nayo huliwa. Mtu aliyekula kiapo cha uongo hawezi kusema maneno yalikuwa ya mdomoni tu, maana ameshameza. Thomas hakujua Kiswahili, lakini alikiona kiapo hivyo hivyo: ukiapa unamwita Mungu awe shahidi wako, na Mungu huwezi kumwita ashuhudie uongo.

Tarehe 13 Aprili 1534 aliitwa kwenye jumba la Lambeth. Kwa kawaida akisafiri, mkewe na watoto walimsindikiza mpaka kwenye mashua akawabusu. Siku hiyo alifunga mlango wa bustani nyuma yake, wasimfuate. Aliondoka na Roper na watumishi wachache. Alikaa kimya kwa muda ndani ya mashua, kisha akamnong'oneza mkwewe kwamba anamshukuru Mungu, vita vimeshinda. Roper hakuelewa wakati ule. Baadaye alitambua kwamba vita hivyo vilikuwa ndani ya moyo wa Thomas mwenyewe, na kwamba aliogopa kumtazama Alice na watoto usoni, asije akalegea.

Hoja ya Askofu Mkuu

Huko Lambeth Thomas alikisoma kiapo, akaisoma na sheria, akasema hawezi kuapa. Akaongeza kwamba hamlaumu yeyote aliyeapa, kwa kuwa dhamiri ya mwingine haimhusu. Askofu Mkuu Thomas Cranmer alikuwa mtu mwenye akili sana, akaikamata kauli hiyo. Alimwambia hivi: kama huwalaumu walioapa, basi huna hakika kwamba kuapa ni dhambi. Lakini una hakika kwamba ni wajibu wako kumtii mfalme. Basi acha lile lenye shaka, ushike lile la hakika.

Hoja ilikuwa nzito. Thomas mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilimjia ghafla na kwa muda hakuwa na jibu. Wewe ungejibuje? Ifikirie kabla hujaendelea.

Jibu lake lilikuwa kwamba kutowalaumu wengine si sawa na kuwa na shaka yeye mwenyewe. Alikuwa amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, amesoma vitabu vya walimu wa kale wa Kanisa, amesali. Kwake halikuwa na shaka tena. Pengine wenzake waliona kitu ambacho yeye hakukiona, hilo Mungu atalijua. Lakini yeye akiapa kinyume cha anachoamini, atakuwa ametenda dhambi. Kisha mkuu wa monasteri ya Westminster akamwambia aogope kwamba dhamiri yake imekosea, maana Bunge zima linafikiri tofauti. Thomas alijibu kwamba angekuwa peke yake kweli angeogopa, lakini upande wake kulikuwa na Wakristo wa nchi nyingine zote na wa karne zilizopita.

Hapa utaona dhamiri ni nini katika mafundisho ya Kikatoliki. Dhamiri si kusema mimi napenda hivi, niacheni. Ni akili inayopima tendo mbele ya Mungu. Kwa hiyo ina wajibu wa kujifunza, kuuliza na kusahihishwa. Lakini ikisha kujifunza na kuwa na hakika, lazima ifuatwe, hata kama ni kwa hasara.

Doa

Nisingekuwa mkweli kwako kama ningeishia kumsifu. Alipokuwa Kansela, sheria ya Uingereza iliamuru kwamba mtu aliyehukumiwa kuwa mzushi wa dini, akikataa kutubu, achomwe moto. Thomas hakuitunga sheria hiyo, ilikuwapo tangu mwaka 1401. Lakini aliiamini, aliitetea katika vitabu, na aliwasaka Waprotestanti. Katika muda wake madarakani watu sita walichomwa. Alimwandikia maneno makali sana William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza. Watu hao nao walikuwa na dhamiri. Nao walikataa kumeza wasichokiamini.

Huenda mtu akasema zama zile wengi walifikiri hivyo, na ni kweli. Lakini dhamiri ya mtu mwema pia inaweza kuwa na upofu wake, hasa pale ambapo watu wote wanaomzunguka wana upofu ule ule. Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu. Mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitamka rasmi kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Kwa hiyo kwa Thomas More tunajifunza mara mbili: kwa alilolifanya vizuri, na kwa alilolikosea.

Gerezani

Tarehe 17 Aprili 1534 alifungwa katika Mnara wa London. Watu walifikiri ni jasiri asiyeogopa. Yeye aliandika kinyume: kwamba alikuwa mwoga wa maumivu, na kwamba usiku mwingi alikesha akiwaza yatakayompata. Hakutafuta kufa. Alitumia kila njia halali ya sheria ili aishi. Hakusema neno baya juu ya mfalme, na hata sababu za kukataa kwake hakuzitangaza, ili wasipate la kumshitaki.

Alice alimtembelea akamgombeza. Mtu mwenye hekima, anakubalije kukaa na panya katika chumba kidogo wakati Chelsea ana nyumba nzuri, maktaba, bustani na mke? Thomas alimuuliza kama mbingu iko mbali zaidi kutoka gerezani kuliko kutoka Chelsea. Jibu hilo halikumfurahisha Alice, na usimlaumu. Alikuwa akiuza nguo zake ili alipie chakula cha mumewe gerezani.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa Margaret, binti aliyempenda kuliko wote. Margaret alikuwa ameapa, akiongeza maneno kwamba anaapa kwa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu. Alimwomba baba yake afanye hivyo hivyo arudi nyumbani. Thomas alikataa kwa upole, wala hakumlaumu bintiye kwa kuapa. Waliendelea kupendana na kuandikiana, na aliponyimwa kalamu alimwandikia kwa mkaa.

Hukumu

Tarehe 1 Julai 1535 alifikishwa mahakamani katika ukumbi wa Westminster, kwa kosa la uhaini. Leo kuna bamba sakafuni pale kuikumbuka siku hiyo. Shahidi mkubwa alikuwa Richard Rich, mwanasheria kijana, aliyeapa kwamba Thomas alimwambia Bunge haliwezi kumfanya mfalme mkuu wa Kanisa. Thomas alikana, akasema Rich amekula kiapo cha uongo. Watu wawili waliokuwamo chumbani siku hiyo walisema walikuwa wanafunga vitabu, hawakusikia. Hata hivyo waamuzi 12 walimtia hatiani kwa muda wa kama robo saa. Miaka 12 baadaye Rich alipewa kiti kile kile cha Kansela Mkuu.

Baada ya hukumu ndipo Thomas alipoeleza wazi anachoamini. Kisha akawaombea waliomhukumu, akitumaini kwamba wote watakutana kwa furaha mbinguni. Akiwa anarudishwa Mnarani, Margaret alipenya katikati ya askari na mikuki yao, akamkumbatia shingoni mbele ya watu wote. Alipoachana naye akageuka, akamrudia tena.

Aliuawa asubuhi ya tarehe 6 Julai 1535 katika kilima cha Tower Hill. Ngazi ilikuwa inayumba, akamwomba mlinzi amsaidie kupanda, na kwa mzaha akasema kushuka atajitegemea mwenyewe. Aliwaambia watu kwamba anakufa akiwa bado mtumishi mwema wa mfalme, ila Mungu anatangulia. Margaret alikipata kichwa cha baba yake na kukitunza, na kinaaminika kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu Dunstan, Canterbury. Mwaka 1935 Papa Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na Askofu John Fisher aliyeuawa wiki mbili kabla yake kwa sababu ile ile. Sikukuu yao ni tarehe 22 Juni. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtaja kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Na wewe

Huenda hutaitwa kamwe Lambeth. Lakini kuna siku rafiki zako watakutaka uape kwa mwalimu kwamba hukuona kilichotokea. Kuna siku, mzazi, utapewa karatasi kazini utie sahihi jambo ambalo si kweli. Siku hiyo usianze kwa kupiga kelele. Jiulize: tendo lenyewe ni nini? Nia yangu ni nini? Mazingira yakoje? Nimesoma? Nimeuliza wanaojua zaidi yangu? Kama jibu bado ni hapana, basi hapana yako iwe ya upole, bila kumtukana aliyesema ndiyo. Na uanze mazoezi leo, kwenye vitu vidogo kama glavu.

Maneno ya kujifunza wiki hii

Dhamiri: akili ya ndani inayopima jema na baya. Tunasema dhamiri inamsuta mtu aliyekosa.
Fadhila: tabia njema iliyokomaa kwa mazoezi.
Kula kiapo: kuapa rasmi.
Uhaini: kosa la kuisaliti nchi au mtawala wake.
Mzushi: anayeshitakiwa kwa kufundisha kinyume cha dini.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Je, Margaret alikosea kuapa? Mtoto atoe jibu lake kwanza, mzazi afuate.
2. Thomas alinyamaza kwa muda mrefu. Kunyamaza ni busara lini, na ni woga lini?
3. Je, kuna jambo ambalo watu wote leo wanaliona la kawaida, lakini wajukuu wetu wataliona kosa?